Leso: Mgeni Aliyepewa Jembe

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Hizo ni sehemu yake, tena sehemu kubwa. Lakini historia hukaa pia katika vitu vya nyumbani ambavyo macho yetu yamevizoea hata hatuvioni tena. Hukaa katika chungu, katika jembe, na katika nguo iliyokunjwa ndani ya sanduku la bibi ikingoja siku ya sherehe. Katika insha hii twataka kuifuata nguo moja ya namna hiyo tangu ilipozaliwa hata ilipofika. Nguo hiyo ni leso, ambayo Unguja na Tanzania Bara huitwa kanga.

Nenda Birongo, katika vilima vya Nyaribari huko Kisii, siku ya posa au ya arusi, nawe utaiona leso ikifanya kazi yake. Wanawake wa upande wa bwana arusi huja kwa kundi wakiimba, wamejitanda leso mabegani na kujifunga nyingine viunoni. Mama wa binti huletewa leso, na mara nyingi huvishwa papo hapo mbele ya watu wote. Bibi arusi, ambaye kwa Ekegusii huitwa omoriakari, hufunikwa leso. Na penginepo leso hutandikwa chini ili apite juu yake asikanyage vumbi. Ukiuliza kwa nini mambo hufanywa hivyo, utajibiwa kwamba hiyo ndiyo mila.

Hapo ndipo mwanafunzi wa historia apaswapo kusimama na kufikiri. Wagusii wa zamani hawakuwa wafumaji wa nguo za pamba. Maneno yaliyochapwa juu ya leso ni ya Kiswahili, wala si ya Ekegusii. Kitambaa chenyewe aghalabu kimetoka kiwandani ng'ambo ya bahari. Je, kitu kilichotoka mbali namna hiyo chaweza kuitwa mila? Na kama chaweza, ni nani aliyekifanya kuwa mila, na kwa njia gani? Maswali haya yana uzito, kwa sababu hutokea mara nyingi watu wakadharau walicho nacho kwa kusema kwamba si cha asili yao.

Na tuanze Kisii kwenyewe, kabla ya nguo kufika. Wagusii, kama watu wengine wengi wa nchi za juu, walivaa ngozi za mbuzi na za ng'ombe zilizolainishwa, na wanawake walijipamba kwa shanga na vikuku. Lakini alama kuu ya mke haikuwa ngozi wala shanga. Alama hiyo ilikuwa pete za chuma zilizovaliwa miguuni, ziitwazo ebitinge. Mwanamke alivishwa pete hizo katika sherehe kubwa ya ndoa iliyojulikana kwa jina la enyangi. Sherehe hiyo ilitaka mali na maandalizi mengi, hata ikawa baadhi ya watu waliifanya baada ya kuishi pamoja miaka kadha na kupata watoto. Aliyeziona ebitinge miguuni mwa mwanamke alijua kwamba huyo ameolewa kwa ukamilifu, na kwamba ana mahali pake katika boma la mumewe.

Mahari kwa Wagusii ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe walitoka katika boma la bwana arusi wakaingia katika boma la baba wa binti. Na mara nyingi ng'ombe haohao ndio waliomwezesha kaka wa binti kupata mke wake. Kwa hiyo mali ya ndoa ilipita zaidi mikononi mwa wanaume. Msomaji na alishike jambo hili, maana litatufaa tutakapofika mbele.

Sasa na tushuke pwani, kwa kuwa huko ndiko leso ilikozaliwa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki walijua kusokota nyuzi na kufuma tangu kale. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji ule zilipelekwa hata Misri. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vipande vya duara vya udongo, ambavyo vilitiwa katika vijiti vya kusokotea nyuzi. Pate nako kulisifika kwa nguo za hariri. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa pwani walikuwa hawajui nguo mpaka wageni walipowaletea.

Hata hivyo, katika karne ya 19 nguo za viwandani zilikuja kwa wingi na kwa bei nafuu, na vitanda vya mfumi vikanyamaza katika miji mingi. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, wakaleta nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi. Wenyeji waliiita merikani, kwa jina la nchi ilikotoka. Merikani ilikuwa vazi, na ilikuwa fedha pia. Misafara iliyokwenda bara ilichukua majora yake ili kununulia chakula na kulipia njia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, kuanzia mwaka 1861 hata 1865, merikani iliadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi yake.

Katika siku hizo nguo ilikuwa ukuta uliotenga watu. Waungwana walivaa hariri na nguo za rangi. Watumwa walivaa merikani, au kaniki, yaani nguo ya pamba iliyotiwa nili hata ikakaribia kuwa nyeusi. Mtumwa mwanamke hakuruhusiwa kufunika kichwa chake kama mwanamke muungwana. Mtu aliyekutana naye njiani hakuwa na haja ya kuuliza hali yake. Kichwa kilicho wazi na kaniki iliyofungwa kifuani vilitosha kueleza.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo wanawake wa Unguja na Mombasa walianza jambo jipya. Madukani palikuwa na vitambaa vya mraba vilivyochapwa rangi, ambavyo vilikusudiwa kuwa vitambaa vya mkononi. Wareno waliviita lenço, na Waswahili wakaligeuza neno hilo likawa leso. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa vimeungana, havijakatwa. Wanawake walinunua vitambaa sita, wakavikata mafungu mawili ya vitatu vitatu, kisha wakayashona mafungu hayo ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana yenye kufunika mwili. Wenye viwanda huko ng'ambo hawakuifikiria nguo ya namna hiyo. Ilitoka katika fikira za wanawake, kwa sindano na uzi, vibarazani mwa nyumba zao.

Nguo hiyo ilipendwa sana. Wenye maduka hawakukawia kuona faida iliyokuwamo, wakaagiza viwandani nguo nzima iliyochapwa kwa kipimo kilekile, ili mwanamke asipate taabu ya kushona. Basi hapa twaona jambo lisilosimuliwa mara nyingi katika historia ya biashara: mnunuzi alitangulia, na mwenye kiwanda akafuata. Viwanda vya Manchester, vya Uholanzi, na baadaye vya India na Japani, vilichapa nguo ambayo umbo lake lilibuniwa na wanawake wa Kiafrika ambao hawajaona kiwanda hata siku moja.

Yasimuliwa kwamba baadhi ya nguo za mwanzo zilikuwa na madoa meupe juu ya weusi, mfano wa manyoya ya kanga, na kwa sababu hiyo nguo ikaitwa kwa jina la ndege huyo. Jina la kanga likaenea Unguja na Bara. Mombasa na sehemu nyingine za Kenya jina la kale la leso likabaki, na ndilo lililopanda mpaka nchi za juu.

Leso ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote nne. Ya pili ni mji, yaani uwanja wa katikati wenye maua au picha. Ya tatu ni jina, yaani maneno yaliyochapwa karibu na pindo la chini. Urefu wake hukaribia mita moja na nusu, na upana wake huzidi mita moja kidogo. Huuzwa mbili mbili, na jozi hiyo huitwa doti. Huko Mombasa alikuwapo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887. Yeye husifiwa kuwa ndiye aliyeanza kutia methali na misemo juu ya leso, mapema katika karne ya 20. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi.

Maneno hayo yaliifanya leso kuwa ulimi. Adabu ya pwani ilimkataza mwanamke kusema baadhi ya mambo mbele ya mkwe, jirani au mke mwenziwe. Lile ambalo hakuweza kulisema, aliliweka mwilini akapita nalo. Leso yenye jina la "Nani kama mama" ni shukrani ya mtoto kwa mzazi. Yenye "Wema hauozi" yaweza kuwa asante, na yaweza pia kuwa ukumbusho kwa aliyesahau kusema asante. Msomaji alielewa, na aliyeivaa aliweza kusema kwamba yeye amejinunulia nguo tu.

Wakati leso ilipokuwa ikikua, utumwa ulikuwa ukifa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 amri ya Sultani iliondoa hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na mwaka 1907 pwani ya Kenya ikafuata. Lakini sheria haimlazimishi jirani kumheshimu mtu aliyekuwa mtumwa jana. Heshima hiyo ilibidi itafutwe kwa njia nyingine. Wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakavaa kanga. Walifunika vichwa vyao kama waungwana, na nguo hiyo waliinunua kwa fedha za kazi ya mikono yao. Mwanamke aliyepita mtaani na doti mpya alikuwa akitangaza uhuru wake bila kusoma hotuba. Ni vizuri kijana akumbuke jambo hili kila aionapo leso kichwani mwa mama yake.

Pwani leso iliingia mapema katika mambo ya ndoa na uzazi. Iko leso iitwayo kisutu, ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo ni miongoni mwa mitindo ya kale kuliko yote, na tangu zamani huhusishwa na bibi arusi. Lugha yetu nayo imehifadhi ushahidi. Neno mkaja maana yake ni nguo ajifungayo mwanamke tumboni baada ya kuzaa; lakini katika posa mkaja ni kipaji apewacho mama wa binti, kwa kukumbuka taabu ya kumzaa. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Na katika posa ubeleko pia ni haki ya mama, kwa kukumbuka taabu ya kumlea. Kibwebwe ni nguo iliyokazwa kiunoni kwa kazi au kwa ngoma, na ndiyo maana husemwa kwamba mtu amejifunga kibwebwe aazimiapo kufanya kazi kwa bidii. Nguo moja yaweza kuwa hizi zote tatu, kwa kadiri ya siku na haja.

Je, leso ilifikaje Kisii? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Tangu hapo mzigo wa nguo uliokuwa ukichukuliwa vichwani kwa miezi uliweza kufika karibu na nchi ya Wagusii kwa siku chache. Lakini nchi yenyewe ilikuwa haijakubali kutawaliwa. Mwaka 1905 askari wa Waingereza waliwashambulia Wagusii wakaua watu wengi. Mwaka 1907 boma la serikali liliwekwa pale ulipo mji wa Kisii. Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa boma, G. A. S. Northcote, naye akapona. Na katika masimulizi ya Wagusii, aliyewatia watu moyo wa kupinga utawala huo alikuwa mwanamke, nabii Moraa. Jeshi likarudi, likachoma nyumba na kuteka mifugo kwa maelfu. Twataja mambo haya ili ieleweke kwamba nguo za madukani zilipanda vilima vile kwa njia iliyofunguliwa na bunduki.

Baada ya askari walikuja wenye maduka na wamisioni. Wakatoliki walianzisha misioni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa mwaka uliofuata. Makanisa yalitaka waumini wavae nguo badala ya ngozi, wala hayakupendezwa na mapambo ya kienyeji. Maduka ya Wahindi nayo yalikuwapo mjini mapema. Twajua hivyo kwa sababu Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Kisii na serikali ikaukimbia mji kwa muda, wenyeji waliingia madukani na misioni wakachukua mali, na baadaye wakaadhibiwa vikali. Kisha kodi ilidaiwa kwa fedha, na vijana wakaenda kutafuta kazi za mshahara, wengine katika mashamba ya chai ya Kericho, ambayo yalianza kupanuka katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 Wagusii wakaruhusiwa kulima kahawa. Fedha ikaanza kuzunguka vijijini, na pamoja nayo nguo.

Wakati huohuo enyangi ilikuwa ikififia. Gharama yake ilikuwa kubwa. Makanisa yalileta arusi za namna nyingine. Na wasichana waliosoma hawakupenda kuvaa vyuma miguuni. Kufikia katikati ya karne ya 20 wengi walikuwa wameiacha. Ebitinge zilitoka miguuni mwa wanawake, na leo yule atakaye kuziona hana budi kuwauliza wazee au kwenda katika nyumba za makumbusho.

Sherehe hufa, lakini haja iliyoizaa sherehe haifi. Watu bado walitaka njia ya kusema mbele ya hadhara kwamba binti huyu anaheshimiwa, na kwamba koo mbili zimekuwa moja. Hakuna baraza la wazee lililoketi likaamua kwamba leso ichukue kazi hiyo. Ilikuwa karibu, ilikuwa nzuri, bei yake haikumshinda maskini, na baridi ya asubuhi ya nchi ile iliifanya ifae mabegani. Wanawake wakaanza kuileta harusini, kisha wakazoea, kisha ikawa aibu kuja bila hiyo.

Lakini kazi ya leso haikuwa sawasawa na ile ya pete, na tofauti yake yafaa kuangaliwa. Kwanza, ebitinge zilimhusu mke mwenyewe, lakini leso humhusu zaidi mama aliyemzaa. Hapa ndipo tunapowakumbuka wale ng'ombe. Mahari ilipoingia katika boma la baba, leso ilimpa mama fungu lake, dogo kwa thamani, kubwa kwa heshima, kama mkaja na ubeleko vilivyofanya pwani. Pili, pete ilidumu mwilini mwa mtu mmoja, lakini leso hupita mkono hata mkono. Mwanamke aliyepewa leso leo atatoa leso kesho, mwana wa mwenziwe atakapooa. Na vikundi vya akina mama huchangishana fedha kwa kusudi hilo. Deni hilo haliandikwi daftarini, wala halisahauliwi. Tatu, leso haiishii harusini. Mama huitumia kumbebea mtoto. Huifunga kiunoni aendapo matangani kusaidia kupika na kuomboleza. Huitikisa hewani wavulana watokapo jandoni. Omong'ina, yaani mama mzee wa heshima, hatoki kwenda barazani bila leso yake.

Wako watu watakaosema: pamoja na hayo yote, leso ni kitu cha kigeni, na mila ya kweli ni ile iliyotengenezwa na mikono ya watu wenyewe. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa maana iko mifano inayoipa nguvu. Katika bonde la Kathmandu, nchini Nepal, wako watu waitwao Wanewari. Wanawake wao, hasa wa jamaa za wakulima waitwao Jyapu, wana nguo ya pamba nyeusi yenye pindo jekundu, iitwayo haku patasi. Zamani wanawake walisokota nyuzi na kuifuma nyumbani kwao, wakaivaa kila siku pamoja na shali nyeupe. Siku hizi wengi huivaa katika sikukuu na sherehe, ili ijulikane kwamba wao ni Wanewari. Mtu akiiona haku patasi hawezi kuuliza imetoka wapi. Imetoka katika kitanda cha mfumi cha bibi.

Wanewari wana haki ya kujivunia nguo yao. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona kwamba kitu kinachoifanya haku patasi kuwa na heshima si kufumwa nyumbani peke yake. Nguo nyingine nyingi zilifumwa nyumbani duniani kote, zikachakaa, zikasahauliwa. Haku patasi imebaki kwa sababu wanawake wameiwekea siku zake na maana yake, nao wamewafundisha binti zao kuivaa. Kwa jambo hilo mwanamke wa Kathmandu na mwanamke wa Birongo ni sawa. Mmoja alianza na uzi, mwingine alianza na kitambaa cha dukani. Lakini maana iliyo juu ya nguo wote wawili waliifuma wenyewe.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni ambaye hajapewa kazi hubaki mgeni, hata akikaa miaka mia. Aliyepewa jembe akalima pamoja na wenyeji, huyo amekuwa mwenzao. Leso ilipofika pwani ilipewa kazi ya kumsitiri aliyekuwa mtumwa. Ilipofika Kisii ilipewa kazi ya kumheshimu mama. Imefanya kazi hizo kwa vizazi kadha, nayo imefanya nyingine pia. Katika miaka ya 1950 akina mama wa TANU, pamoja na Bibi Titi Mohamed, walikuwa katika mstari wa mbele wa kudai uhuru wa Tanganyika, na kanga lilikuwa vazi lao. Tangu hapo kanga za kuadhimisha siku kuu za taifa zimekuwa jambo la kawaida. Mwaka 2008, Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, kanga zenye sura yake na neno la hongera ziliuzwa Afrika Mashariki. Nchi iliyotuletea merikani ilirudi kwetu juu ya kanga.

Limebaki neno moja ambalo haifai kulificha. Maana ya leso ni yetu, lakini fedha ya leso nyingi huenda nchi za mbali. Baada ya uhuru zilifanywa juhudi za kuchapa nguo hizi nyumbani. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Rivatex kikaanzishwa Eldoret mwaka 1975. Kisha soko lilifunguliwa kwa nguo za nje na kwa mitumba, na viwanda vingi vya Afrika Mashariki vikalemewa au vikafungwa. Rivatex kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kikafufuliwa. Zamani mnunuzi alitangulia na mwenye kiwanda akafuata. Wanawake wenye sindano waliweza kubadili mashine za Manchester. Kizazi cha sasa, chenye shule na ufundi ambao wao hawakuwa nao, kina wajibu wa kujiuliza kwa nini kitambaa cha heshima ya mama zetu kinaendelea kupakiwa melini.

Mwanafunzi atakaye kuendelea na uchunguzi huu hahitaji kusafiri mbali. Vitabu vimeandika tarehe za reli na za vita. Havikuandika ni nani aliyempa bibi yake leso ya kwanza, ilikuwa na jina gani, ililetwa siku gani, na yeye alimpa nani nyingine kwa kulipa. Habari hizo zimo vinywani mwa wazee, nao wanapungua kila mwaka. Aende akaulize kwa adabu, aandike majibu katika daftari lake pamoja na mwaka na mahali, na alitunze. Akifanya hivyo atakuwa ameongeza ukurasa katika historia ya nchi yake.